Gati Ufukweni: Kabla ya Kuzungusha Karatasi ya Saini

Foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikishikana asubuhi, kuanzia Tegeta mpaka Mwenge, ndani ya daladala hakosekani abiria wa kukumbusha kwamba bahari iko pale pale nyuma ya nyumba za Mbezi Beach, haina taa wala trafiki, sasa kwa nini tusiletewe boti? Wazo lina mashiko. Kutoka Kunduchi hadi Kivukoni kwa njia ya bahari ni kama kilomita 20. Boti inayokwenda maili 15 za baharini kwa saa, yaani kilomita 28 hivi, inaweza kufika kwa robo tatu ya saa. Pa kupandia ndipo hapapo. Basi wakazi hukutana, huunda kamati, huzungusha karatasi ya saini, huipeleka kwa diwani na kungoja. Hungoja sana.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kamati za namna hiyo. Mifano ni ya fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Mbweni, ila mengi yatawafaa hata walioko Kigamboni au pwani ya Mombasa. Msimamo wangu niuseme mapema: saini elfu mbili za watu wanaolipenda gati zina uzito mdogo kuliko daftari moja linaloonyesha nani atapanda boti saa ngapi, maji yana kina gani yakikupwa, na wavuvi wamekubali nini. Mhandisi na mtu wa bajeti hawana pa kuishikia saini. Daftari wanaweza kulifanyia hesabu.

Boti ya njia hii iliwahi kuletwa. Mwaka 2014 Serikali, kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), iliingiza MV Dar es Salaam, boti ya abiria wapatao 300, iliyonunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 8 ili ifanye safari kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alibaini baadaye kwamba haikufikia kasi iliyotakiwa kwenye mkataba. Huduma ya kila siku haikuimarika, na boti ikaishia mikononi mwa Jeshi la Wanamaji. Kelele nyingi zilikuwa za bei na kasi. Lakini kwa mkazi wa Kawe au Mbezi, hata boti yenye kasi kamili haina faida kama hana mahali pa kuipandia bila kuloa magoti.

Anzeni na safari za watu. Mkimuuliza mtu kama anaunga mkono gati, atasema ndiyo. Nani anakataa kitu asichoombwa kukilipia? Muulizeni ya jana. Ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulipanda magari mangapi, ukashukia wapi, ukalipa shilingi ngapi? Ulirudi saa ngapi, na ulikuwa na mzigo gani? Kazi hiyo inafanyika mtaani kwa siku chache mkigawana mashina, na majibu yake yatawashtua. Anayefanya kazi Mwenge, Mikocheni au Ubungo hatapanda boti ya kwenda Kivukoni, hata kama saini yake ndiyo ya kwanza kwenye karatasi. Wa Posta atapanda. Wa Kariakoo huenda akapanda, kwa sababu kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi kiko Kivukoni, jirani na feri, lakini atakuwa na nauli mbili, na hilo lazima lionekane kwenye hesabu. Mwanamke anayechukua samaki soko la feri alfajiri na kurudi nao kwenye ndoo aulizwe swali lake peke yake: boti itampokea na ile ndoo? Kama haitampokea, msimhesabu.

Tena msisahau kwamba mwendokasi ya Barabara ya Bagamoyo yenyewe inajengwa kuelekea Tegeta. Ulizeni kabisa: mabasi hayo yakianza, bado utakwenda ufukweni? Ni afadhali kupata jibu chungu sasa kuliko kulipata mbele ya gati tupu.

Kuna pia njia ya kutoka barabarani hadi mchangani. Mbezi Beach ina kuta ndefu za hoteli na majumba, na vichochoro vya umma vilivyobaki mtu huvihesabu kwa vidole. Pimeni mwendo wa mguu kutoka kituo cha daladala hadi mahali mnapopendekeza, na andikeni bei ya bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, siyo ile ya saa nne mchana. Gati lisilo na njia pana, taa na mfereji wa maji ya mvua litageuka kijiwe cha kupigia picha.

Kisha bahari yenyewe. Hapa ndipo kamati nyingi huteleza, kwa sababu huenda kuangalia eneo Jumapili mchana maji yakiwa yamejaa na kila kitu kinapendeza. Pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu; siku za maji mafu hushuka hadi karibu mita moja. Mahali boti ilipoelea maji yakiwa yamejaa, yakikupwa watoto wanacheza mpira.

Pimeni wenyewe kwanza, haigharimu. Chagueni siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa ambayo maji yamekupwa kabisa, na majedwali ya kujaa na kupwa ya Bandari ya Dar es Salaam yatawapa saa yenyewe. Mchukueni mvuvi mzee mwenye ngalawa; kijana mwenye droni mwacheni nyumbani. Fungeni chubwi kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, mtoke moja kwa moja kutoka ukingo wa maji, na kila baada ya mwendo mliokubaliana mshushe chubwi na kuandika: kina, na kilichoko chini, mchanga, tope au mwamba. Mzee atawaambia mengi kwa kuusikiliza tu ule mshtuko wa chubwi ikigusa chini. Boti inayozama mita moja na nusu isiletwe penye mita mbili tu, kwa sababu wimbi likiiinua na kuishusha itagonga. Mkiona kina cha mita tatu kinapatikana umbali wa mita 400 kutoka ufukweni, mmepata habari ya maana sana: daraja la kufikia boti litakuwa la urefu huo, na kila mita yake ni nguzo na zege. Huenda ghuba ya jirani ikahitaji robo ya gharama hiyo. Hapo ndipo ushindani wa “gati lije kwetu” hufa wenyewe, na mitaa miwili huweza kuandika barua moja. Vipimo vya kitaalamu vitafanywa baadaye na wenye vyombo vyao, lakini hawatawakuta mmekaa bure.

Muulizeni mzee huyo pia habari za kusi. Kati ya Mei na Septemba upepo unapovuma kwa nguvu, ni siku ngapi kwa wiki ngalawa hazitoki? Ghuba ya Msasani ina kinga ya rasi yake. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya huvunja sehemu ya mawimbi kwa fukwe za nyuma yake, ila si zote na si kila mwezi. Boti inayokatisha huduma siku mbili kila wiki hupoteza abiria wa siku zote saba, maana mwajiri hasikilizi habari za upepo.

Kwa umbo la gati, ombeni mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni jukwaa linaloelea, lililounganishwa na daraja kwa bawaba ili lipande na kushuka na maji. Ngazi za zege huota mwani, na mwani huo huwaangusha wazee na wajawazito. Mwenye kiti cha magurudumu hata hafiki. La pili ni nguzo zinazopitisha maji na mchanga, badala ya ukuta uliojazwa mawe. Mchanga wa ufukweni unasafiri kufuata mawimbi. Ukiuziba kwa ukuta, upande mmoja utarundikana na upande wa pili utaliwa na bahari. Watu wa Kunduchi na Mbezi hawahitaji kuhadithiwa haya: kituo cha daladala cha Africana kinaitwa kwa jina la hoteli ambayo bahari iliishinda, na kingo za mawe zilizojengwa baadaye kuokoa hoteli nyingine bado zinaonekana. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoshuka baharini uliongeza balaa hilo. Mwenye nyumba upande wa pili wa gati ana haki ya kuuliza, na kumwita mpinga maendeleo ni utovu wa adabu.

Wavuvi wasiitwe mwishoni, mipango ikiwa imeshaiva. Kunduchi na Msasani ni madiko ya siku nyingi, na chini ya sheria za uvuvi madiko yana vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, maarufu kama BMU. Wafuateni dikoni, jioni, wakishona nyavu, msiwaite ofisini. Watataka kujua ngalawa zitapita wapi, wapi zitapandishwa mchangani, boti itapunguza mwendo kuanzia umbali gani ili isikate nyavu wala kuburuta madema, na boya lenye taa litawekwa wapi kwa wanaorudi usiku. Wenye boti za kupeleka wageni Mbudya na Bongoyo nao wana lao: gati jipya linaweza kuwapa wateja au kuwanyang’anya. Mkikubaliana, andikeni muhtasari, na walioukataa waandikwe pia na sababu zao. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, hivyo njia ya boti itaangaliwa na wasimamizi wa hifadhi hizo vilevile. Na pale penye mikoko, kama Kunduchi na Mbweni, fyekeo lisitangulie kibali.

Milango ya kisheria ni mingi, lakini haitishi ukiijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo gati haliwezi kuota usiku kwa hisani ya mfadhili. Litahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Baraza la Mazingira (NEMC), na katika tathmini hiyo kusikiliza wananchi ni takwa la kanuni. Mwenye mradi hana hiari. Hudhurieni, semeni, hakikisheni mmeandikwa. TASAC ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini. Mamlaka ya Bandari ina neno lake kwa sababu boti ya Kivukoni itapita kwenye lango jembamba linalotumiwa na meli za makontena, na meli kubwa haipishi. Mkinyimwa michoro, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu.

Nauli na matengenezo ndiyo maneno yasiyopendwa mikutanoni. Mwaka 2012 nauli ya mtembea kwa miguu kuvuka Kigamboni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, zogo lake lilikuwa kubwa, na wa Kigamboni hawajaisahau kauli ya waziri wa ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Kama shilingi 100 ilizua hayo kwenye mvuko wa dakika chache, basi safari ya kilomita 20 inayokunywa mafuta ijadiliwe bei yake kabla, kwa kulinganisha na zile nauli mlizoziandika kwenye daftari. Halafu ulizeni jina la ofisi itakayopaka rangi chuma, kubadilisha minyororo na kulipa mlinzi mwaka wa kumi. Maji ya chumvi hayangoji fungu lipitishwe. “Serikali” si jibu. TEMESA, Mamlaka ya Bandari na Manispaa ya Kinondoni ni ofisi tatu tofauti zenye mafungu tofauti, na mwendeshaji binafsi ni wa nne.

Usalama nao huanzia gatini. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Waliokufa walizidi 220. Kwa hiyo daini geti linalohesabu vichwa na kufungwa namba ikitimia, hata kama anayebaki nje ni mwenyekiti wa kamati. Daini pia njia ya wanaoshuka iwe mbali na ya wanaopanda, banda la kungojea litoshe watu wa boti mbili, na jaketi okozi ziwe mahali mkono unapofika, zisifungiwe stoo.

Mkishapata hayo, pelekeni jambo kwenye mkutano wa mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata anayoiongoza diwani, ndipo halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla; barua inayofika Mei inakuta mafungu yamegawanywa. Lengeni Oktoba. Ambatanisheni muhtasari wenye orodha ya mahudhurio, jedwali la safari, vipimo vya kina na tarehe zake, na makubaliano ya dikoni pamoja na pingamizi zake. Saini za wananchi ziwekwe mwisho kabisa, kama kiambatisho. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na asipewe mtu mmoja kukaa nayo nyumbani kwake.