Kiti cha Mtoto Kinapotangazwa Kurejeshwa: Yampasayo Mzazi Kuyajua



Mwezi Mei 1998, mjini Chicago nchini Marekani, mtoto ambaye alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu alifariki dunia akiwa nyumbani kwa mlezi wake. Kingo za kitanda cha kukunja alichokuwa amelazwa zilijikunja na kumbana shingo. Kitanda hicho kilikuwa kimekwisha kutangazwa kuwa ni cha hatari na kuamriwa kirejeshwe tangu mwaka 1993. Miaka mitano ilipita, tangazo lipo, lakini halikuwa limefika katika nyumba ile.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kinaeleza tatizo lote kwa ufupi. Tangazo la kurejesha bidhaa haliokoi maisha kwa kutolewa tu. Huokoa maisha pale linapomfikia mwenye bidhaa naye akachukua hatua. Katika somo hili tutazungumzia viti vya watoto vya kwenye gari pamoja na vibebeo vya watoto wachanga.

Maana ya kurejesha bidhaa

Kurejesha bidhaa ni hatua ya mtengenezaji, kwa hiari yake au kwa amri ya mamlaka, kukiri kwamba bidhaa iliyokwisha kuuzwa ina kasoro inayoweza kudhuru, na kutoa nafuu bila malipo. Nafuu hiyo yaweza kuwa kipuri, matengenezo, bidhaa nyingine au fedha. Kwa hiyo neno “kurejesha” lisikutishe: si kila mara unatakiwa kukirudisha kiti chenyewe dukani.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2014, kampuni ya Graco ilipotangaza nchini Marekani kurejeshwa kwa viti vya watoto takriban milioni 6. Kasoro ilikuwa katika kifungio cha mkanda, ambacho kiliweza kuwa kigumu kufunguka au kugoma kabisa. Mzazi aliyehitaji kumtoa mtoto haraka baada ya ajali angeweza kushindwa. Nafuu iliyotolewa ilikuwa kifungio kipya, bila malipo. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali adhabu ya dola milioni 10 kwa kuchelewa kutoa taarifa. Milioni 7 kati ya hizo zilielekezwa katika hatua za kuboresha usalama wa watoto.

Vibebeo navyo vina historia yake. Mwaka 2001 kampuni ya Evenflo ilitangaza kurejesha viti vyake vya Joyride vipatavyo milioni 3.4, kwa kuwa mpini wa kubebea uliweza kufyatuka ghafla na kumwangusha mtoto. Machi 2010, mbeleko za kiwandani zipatazo milioni 1 za kampuni ya Infantino zilirejeshwa baada ya vifo vya watoto wachanga watatu. Mtoto alikunjika ndani ya kitambaa, kidevu kikagandamiza kifua, pumzi ikazibwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Viti vingi vinavyotumika katika miji yetu vimeingia vikiwa vimekwisha kutumika: vingine kwenye makontena ya mitumba, vingine ndani ya magari yaliyoagizwa, vingine ni zawadi za ndugu walioko ng’ambo. Katika safari hiyo kadi ya usajili hupotea, kitabu cha maelekezo hupotea, na mara nyingine hata lebo hubanduka. Mtengenezaji hana njia ya kumjua mmiliki mpya. Ndiyo maana mzigo wa kuuliza humwangukia mzazi mwenyewe.

Jinsi ya kukikagua kiti chako

1. Kigeuze kiti na utafute lebo iliyobandikwa nyuma, ubavuni au chini yake. Andika jina la mtengenezaji, jina au namba ya modeli, na tarehe ya kutengenezwa. Matangazo mengi huhusu modeli fulani zilizotengenezwa kati ya tarehe fulani na fulani. Jina la kampuni pekee halitoshi.

2. Linganisha taarifa hizo na orodha za matangazo. Viti vya gari vilivyouzwa Marekani hutafutwa katika tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA. Mbeleko na vibebeo visivyo vya gari, katika tovuti ya CPSC. Viti vya Ulaya huwa na lebo ya idhini yenye herufi E ndani ya duara, na matangazo yake hutolewa katika mfumo wa Umoja wa Ulaya uitwao Safety Gate.

3. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Watengenezaji wengi huiandika kwenye lebo au huichapa kwenye plastiki ya kiti.

4. Jaribu kifungio na mpini. Mkanda ufungike kwa mlio unaosikika na ufunguke bila kung’ang’ana. Nyanyua kibebeo kikiwa kitupu, ukitikise, uone kama mpini umekaza.

Kiti kisicho na lebo hakiwezi kukaguliwa. Kiti kilichopata ajali kubwa nacho kisitumike tena, hata kama hakionyeshi ufa. Ushauri wetu ni kutovinunua viti vya aina hizo, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Ukigundua kiti chako kimetangazwa

Lisome tangazo lote kabla ya kutenda. Baadhi ya matangazo huagiza kuacha kutumia mara moja. Mengine huruhusu kuendelea kutumia kwa sharti fulani mpaka kipuri kifike. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kosa la kawaida ni mzazi kukitupa kiti na kumpakata mtoto mapajani. Kwa makadirio ya NHTSA, kiti kilichofungwa vizuri katika gari dogo hupunguza uwezekano wa kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Mikono ya mama, hata iwe na nguvu na mapenzi kiasi gani, haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga. Tangazo likikuagiza uache, azima au nunua kiti kingine salama, au uahirishe safari.

Mwandikie mtengenezaji ukitaja modeli na tarehe, na uulize kama nafuu yaweza kutumwa nchini mwako. Ukinunua kiti kipya, jaza kadi ya usajili au jisajili kwenye tovuti ya kampuni siku hiyohiyo. Ikiwa kiti kiliuzwa kwako dukani kikiwa tayari kimetangazwa, tunza risiti na utoe taarifa kwa mamlaka: kwa Tanzania, Tume ya Ushindani au TBS, kwa Kenya, KEBS.

Kiti kibovu kisichokarabatika kisiuzwe wala kisigawiwe. Kata mikanda yake, andika “KIBOVU” kwa wino usiofutika, ndipo ukitupe. Ukikiacha kizima jalalani, kesho kitakuwa sokoni.

Kwa wanaotumia vibebeo na mbeleko

Iwe ya kiwandani au ya khanga, kanuni ni ileile: uso wa mtoto uonekane wakati wote, pua na mdomo visifunikwe, na kidevu kisigande kifuani. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye matatizo ya kupumua, mwone daktari kwanza. Mtoto akilala ndani ya kiti cha gari, mkifika mhamishie kitandani, alazwe chali.

Zoezi la leo

Kabla hujakifunga kijitabu hiki, nenda kwenye gari ukaisome lebo. Zinakili taarifa zake na uzihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Kisha muulize jirani, dada au mlezi anayekusaidia kama naye amekagua kiti chake, kwa maana huenda wewe ndiwe utakayelifikisha kwake tangazo ambalo halijamfikia.