Somo: LAKINI, INGAWA NA BALI

Watoto, maneno mengine ni madogo, walakini yana kazi kubwa. Leo tutazame matatu.

Jioni moja huko Kabimba mvuvi alitengeneza taa na nyavu, apate kwenda kuvua ndagala. Akamtuma mwanawe pwani atazame ziwa. Mtoto akarudi, akasema: «Baba, upepo wa kusini umeanza, lakini ziwa limetulia.» Baba akashika kafi.

Mama akauliza: «Mwanangu, umeona nini hasa?» Mtoto akajibu: «Mama, ziwa limetulia, lakini upepo wa kusini umeanza.» Baba akaweka kafi chini. Akasema: «Kwanza umenipeleka ziwani, sasa wanizuia!» Mtoto akashangaa, maana alisema mambo yale yale. Usiku ule mawimbi yalikuwa makubwa sana. Mtumbwi ulikuwa nchi kavu.

Basi shikeni hili: katika maneno mawili yaliyounganishwa kwa LAKINI, la pili ndilo lenye uzito. Msikilizaji hulifuata hilo.

INGAWA ni kinyume chake. Neno linalofuata INGAWA tunalikubali kuwa kweli, ila halina nguvu ya kutuzuia. Mtoto angesema: «Ingawa ziwa limetulia, upepo umeanza.» Au: «Upepo umeanza, ingawa ziwa limetulia.» Ukiweka INGAWA mwanzo au katikati, baba atabaki nyumbani. IJAPOKUWA hufanya kazi ile ile.

BALI si kama hayo. LAKINI na INGAWA hukubali mambo yote mawili. BALI hufuata neno la kukana. Jambo moja hukataliwa, na lingine huwekwa mahali pake. Mfano: Mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, hauingii katika ziwa Tanganyika, bali unatoka. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapo. Aliona kwamba maji yanatoka ziwani, ingawa majani na matete yalikuwa yameziba njia. Mito mingine huingia ziwani, kwa hiyo kusema «unatoka» tu hakutoshi. Yafaa kwanza kukataa kosa, ndipo kusema kweli. Hiyo ndiyo kazi ya BALI.

Maswali
1. Kwa nini baba alishika kafi, kisha akaliweka chini?
2. Je, mtoto alisema uwongo? Elezeni.

Zoezi. Jazeni LAKINI, INGAWA au BALI:
1. Simenti haichimbwi ardhini, … hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo.
2. … ziwa Tanganyika lina kina kirefu, ndagala huvuliwa karibu na uso wa maji.
3. Mtoto alisema kweli, … baba hakuona hatari.

Kisha andikeni habari mbili za hali ya hewa ya leo: ya kwanza imwache mvuvi aende, ya pili imzuie.