Dondoo muhimu: Ufundi wa JKT na cheti cha VETA

Kijana uliyerudi Shangani, Mtwara, kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, cheti chako cha JKT kinaonyesha umehitimu mafunzo ya jeshi hilo. Hakisemi kama unajua kujenga ukuta au kufungua injini. Hilo linathibitishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), kupitia utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hukai darasani upya: unahojiwa na kupimwa kwa vitendo, na palipopungua unafundishwa.

Chagua fani moja, ile ambayo mikono yako imeizoea. Ukiwa mwashi, jizoeze hasa kupandisha kona kwa timazi na pimamaji, maana kona haifichi kitu. Omba barua ya msimamizi wako inayotaja kazi ulizofanya na muda wake. Barua ya kukusifu nidhamu tu haitoshi. Picha za ushahidi piga za kazi za uraiani; kambini kupiga picha hairuhusiwi.

Anayelenga shahada ana mlango mwingine: mtihani wa utambuzi wa ujuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Gharama na tarehe za kupimwa ufundi kaulize mwenyewe chuo cha VETA Mtwara, na usimlipe mtu yeyote mtaani anayekuahidi cheti.