Kabla ya mahojiano ya kazi, uandae mwili pia

UMEITWA kwa mahojiano ya kazi baada ya kungoja miezi mingi. Vyeti umevipanga kwenye bahasha, koti umeazima kwa kaka yako na nauli umeitenga. Lakini siku tatu kabla ya siku yenyewe usingizi unakuruka, tumbo linakuchafuka, na kila ukifikiria jopo la watu watano wakikukodolea macho, moyo unakwenda mbio.

Wengi hudhani hali hiyo ni dalili ya udhaifu au ya kutoijua kazi. Sivyo. Ni mwili unaofanya kazi yake, na unaweza kuutayarisha kama unavyotayarisha vyeti. Wapo watu wanaokosa kazi wanayoijua barabara kwa sababu tu hawakulala, hawakula, au walimeza kidonge cha jirani.

Hofu hutoka wapi?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo unapohisi hatari, tezi hizi humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi, mdomo hukauka, viganja hutoa jasho na usagaji wa chakula hupungua. Mwaka wa 1915, Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani, alieleza kitabuni kwamba mabadiliko kama haya humwandaa kiumbe kupigana au kukimbia. Taabu ni kwamba mbele ya jopo huwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Hofu kidogo si mbaya, kwani hukufanya uwe macho. Ikizidi ndipo unaposahau hata jina la shule uliyosomea. Kwa hivyo usitafute kuimaliza, tafuta kuipunguza.

Wiki moja kabla

Jambo geni ndilo hutisha zaidi, basi lifanye lisiwe geni. Keti kitini, mwombe dada yako au rafiki akae mbele yako akuulize: "Tueleze habari zako", "Kwa nini unataka kazi hii?", "Mbona uliacha kazi ya kwanza?" Jibu kwa sauti, si kimoyomoyo, na urudie mara tatu au nne katika siku tofauti. 

Fanya pia safari ya majaribio. Ikiwa unatoka Githurai kwenda Upper Hill, panda matatu saa ile ile utakayosafiri siku ya mahojiano, uone msongamano ulivyo. Aliyekwama njiani huingia chumbani tayari anatetemeka.

Tembea kwa miguu nusu saa kila siku. Mazoezi hupunguza wasiwasi na huleta usingizi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo

Lala mapema upate usingizi wa muda wa saa 7 au 8. Usikeshe ukisoma, kwani ubongo uliochoka hukumbuka machache. Chai na kahawa zina kafeini, na kwa mtu mzima mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu yake tu. Kikombe cha saa 11 jioni bado kimo damuni saa 4 usiku. Pombe nayo hulaza upesi lakini hukatizakatiza usingizi. Miraa huufukuza kabisa.

Usingizi ukikataa, usiingiwe na hofu. Usiku mmoja mbaya haukuharibii kila kitu. Lala tu, pumzika.

Asubuhi

Usiende na njaa. Kunywa uji, au kula yai na viazi vitamu, saa moja au mbili kabla ya mahojiano. Epuka vyakula vyenye mafuta mengi, pamoja na maharagwe na kabeji ikiwa hukujaza tumbo gesi. Beba maji ya kunywa na leso ya kufutia viganja.

Ikiwa una kisukari au shinikizo la damu, tumia dawa zako kama kawaida. Mwenye kisukari anayetumia insulini asiruke mlo. Mwenye pumu abebe kivutio chake mfukoni.

Jihadhari na vidonge vya kuazima

Huenda ukaambiwa kuna kidonge cha kutuliza moyo. Baadhi ya dawa hizo, kama propranololi, zinaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi akahatarisha maisha yake. Dawa za usingizi nazo huweza kukuacha mzito siku inayofuata. Usimeze dawa yoyote ya aina hii bila kushauriwa na daktari.

Ukiwa mlangoni

Fika nusu saa mapema. Unapongoja, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Ukiulizwa swali gumu, nyamaza kidogo kabla ya kujibu. Hakuna atakayekulaumu.

Wengine huogopa kwamba hali yao ya afya itawanyima kazi. Jua haki yako. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo kama sharti la kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo inakataza ubaguzi kwa misingi kama vile ujauzito na ulemavu.

Ukikosa kazi

Kukosa si kusema kwamba hufai. Huenda nafasi ilikuwa moja na walioitwa ni wengi. Siku hiyo hiyo andika maswali yaliyokutatiza, uyafanyie mazoezi kwa mahojiano yajayo.

Lakini majuma mawili yakipita huna usingizi, huna hamu ya chakula, na hakuna kinachokufurahisha, usinyamaze. Hiyo yaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kazi hutafutwa tena. Uhai ni mmoja.