Fuata Sukari Kabla Hujashika Panga

Mahindi yanapotoa ndevu, mfugaji wa ng'ombe wa ndani huwa na haja mbili mkononi. Anataka ugali wa mwaka mzima, na anataka majani mabichi ambayo ng'ombe angeyala leo jioni. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na sehemu nyingi za nyanda za juu za Kenya, panga huingia shambani wakati huo. Wengine huchuma majani ya chini, wengine hukata kilele chote pamoja na mbelewele. Mmoja huvuna punje zilizojaa mpaka nchani, jirani yake huvuna mahindi yenye punje zilizosinyaa, na wote wawili walilisha ng'ombe. Kilichowatofautisha ni jani lipi lilikatwa na lilikatwa siku gani.

Kila mkulima anayepogoa, anayechuma kisamvu, anayeng'oa machipukizi au anayepunguza matunda anaamua sukari ya mmea iende wapi. Wengi hufanya hivyo bila kujua kwamba ndiyo kazi wanayoifanya. Mavuno mengi hupotea wakati mmea umetengeneza chakula cha kutosha, lakini chakula hicho kimekwenda kulisha kitu ambacho mkulima hakukipanda. Ukijua njia ya sukari, panga lile lile linakuwa chombo cha kuongeza mavuno.

Jani la kijani huingiza hewa ya ukaa kupitia matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, hupokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Sehemu ya sukari huondoka kwenye jani mchana huo huo. Sehemu nyingine hugeuzwa wanga na kutunzwa ndani ya jani, kisha usiku hugeuzwa tena kuwa sukari na kusafirishwa. Jani huwa limejaa jioni, na alfajiri limebaki karibu tupu. Hapa pana faida ya haraka kwa mfugaji: majani ya mifugo yaliyokatwa alasiri huwa na sukari zaidi kuliko yaliyokatwa asubuhi na mapema, na ng'ombe huyapenda zaidi.

Sukari husafiri kwa mirija iitwayo floemu. Kwenye mti mirija hiyo imo ndani ya gome. Kwenye mahindi imetawanyika ndani ya bua. Mwaka 1930 Ernst Münch, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, alieleza kinachoisukuma, na maelezo yake ndiyo yanayokubalika zaidi hadi leo. Sukari inapopakiwa kwenye mirija kule jani lilipo, huvuta maji kutoka kwenye mirija jirani ya maji, na shinikizo hupanda. Inaposhushwa kwenye punje, tunda, kiazi au ncha ya mzizi, maji hutoka na shinikizo hushuka. Tofauti hiyo ndiyo inayosukuma utomvu, kwa mwendo wa kama mita moja kwa saa katika mimea mingi.

Kwa hiyo sukari haijali juu wala chini. Inakwenda popote inakotumiwa kwa kasi. Mbegu na matunda yanayokua huvuta kwa nguvu kuliko vyote, machipukizi machanga hufuata, na mizizi pamoja na viazi na mihogo hupata kinachosalia. Umbali nao una neno lake: majani ya juu hupeleka zaidi kwenye vilele na matunda ya karibu, ya chini hupeleka zaidi mizizini. Mambo hayo mawili, nguvu ya mpokeaji na umbali wake, yanatosha kuongoza karibu kila mkato utakaoufanya shambani.

Turudi kwenye mahindi. Jani lililotoka kwenye pingili iliyobeba muhindi, na majani yote yaliyo juu yake, ndiyo hulisha punje kwa sehemu kubwa. Hayo usiyaguse tangu ndevu zitoke mpaka punje zikomae. Majani ya chini kabisa, yaliyofunikwa na kivuli, mchango wake kwa punje ni mdogo. Ndevu zikishakauka unaweza kuyachuma kidogo kidogo kuanzia chini, mawili au matatu kwa kila mmea, ukisimama kabla ya kulifikia jani la muhindi. Ukiwa na uhaba wa malisho mapema zaidi, ni bora kupanda mbegu kwa wingi kidogo na kupunguzia miche ikiwa bado michanga. Miche uliyong'oa hulisha ng'ombe, na iliyobaki hupata nafasi na mwanga.

Kilele kikatwe lini? Chukua muhindi mmoja, uvunje katikati, utazame punje. Wanga mgumu huanza kujaa kutoka juu ya punje kuelekea chini, na kati ya sehemu ngumu na sehemu yenye maziwa utaona mstari. Siku zinavyopita, mstari huo hushuka. Ukifika kwenye kitako, ng'oa punje na ukwaruze kitako chake kwa ukucha. Ukiona tabaka dogo jeusi, ujue njia ya sukari imefungwa. Punje haitapokea tena kitu chochote, hata majani yakibaki mabichi wiki nzima. Kuanzia hapo kata kilele, chuma majani yote, ng'ombe wale washibe. Muhindi utaendelea kukauka ukiwa kwenye bua. Kabla ya tabaka hilo, kila jani la juu unalolikata unalilipa kwa uzito wa punje. Katika maeneo ya joto la wastani hatua hii huja kama miezi miwili baada ya ndevu kutoka, na kwenye baridi huchelewa zaidi, kwa hiyo tumaini punje kuliko kalenda.

Gharama nyingine huonekana siku ya upepo. Majani yakipotea mapema, kwa panga, kwa mvua ya mawe au kwa viwavijeshi, punje huendelea kudai. Mmea huchota sukari iliyowekwa ndani ya bua ili kuzilisha, bua hudhoofika na kuoza kwa urahisi, na shamba hulala. Wengi hulaumu upepo, ilhali mabua yalikwisha kunyonywa muda mrefu kabla haujavuma.

Kwenye nyanya tatizo hugeuka. Nyanya ndefu, mfano wa Moneymaker, haiachi kuchipua. Kila kwapa la jani hutoa chipukizi, na chipukizi changa haliingizi chochote. Hula tu mpaka majani yake yakaribie nusu ya ukubwa wake wa mwisho, ndipo huanza kutoa sukari kuliko linavyopokea. Liondoe likiwa fupi kuliko kidole, kwa kulivunja kwa vidole asubuhi siku kavu ili kidonda kikauke upesi. Ukilingoja lifike urefu wa mkono, utakuwa umelipa gharama ya kulikuza na utatupa kiungo ambacho kilikuwa tayari kinaanza kujilisha. Acha shina moja au mawili. Lakini nyanya fupi, kama Rio Grande na Cal J, usizitendee hivyo. Zenyewe huacha kurefuka, na matawi yake ya pembeni ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya matunda. Nimeona mashamba ya nyanya fupi yaliyopogolewa kwa bidii kama ndefu, na inauma kuona jasho la mtu likiondoa mavuno yake mwenyewe.

Msimu ukielekea ukingoni, kata ncha ya nyanya ndefu ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho unachotaka kiive. Majani hayo yatalisha kichala hicho na kukikinga na jua kali. Maua yaliyo juu zaidi yasingewahi kuwa matunda ya kuuza; yangekuwa yanakula tu.

Kuna imani kwamba majani ya chini yaliyozeeka hula chakula cha matunda, na kwamba ukiyaondoa tunda hunenepa. Jani lililokomaa halirudi tena kupokea sukari kutoka kwa majani mengine. Likiwekwa kivulini, hutumia akiba yake, hugeuka manjano na kudondoka. Kwa hiyo yaondoe kwenye nyanya kwa sababu ya afya: hewa ipite, unyevu upungue, na udongo wenye vimelea usirukie majani wakati wa mvua. Jani la kijani linalopata jua, hata likiwa chini, bado linafanya kazi yako.

Mgomba unahitaji uamuzi mkubwa zaidi, kwa sababu shina moja hubeba familia. Machipukizi ya chini hutegemea sukari ya mama mpaka yapate majani mapana. Ukiyaacha saba, mkungu hugawana na watoto saba. Wakulima wazoefu huacha watatu: mama mwenye mkungu au anayekaribia, mtoto, na mjukuu. Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, maana hilo limeshikamana vizuri na tunguu la mama; lile lililofungua majani mapana likiwa bado fupi huwa na mshiko dhaifu. Yaliyobaki yakate usawa wa ardhi na uharibu kiini chake, la sivyo yatachipua tena.

Mkungu ukishatoa chana la mwisho, ondoa ua dume linaloning'inia. Livunje kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Ndizi hupata chakula ambacho ua lingekula, na pia unafunga mlango mmoja wa mnyauko bakteria, ugonjwa unaoenezwa na wadudu wanaotembelea maua hayo na kwa visu vinavyohama kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa wakulima wa Kagera na Uganda, ambao wameona mashamba mazima yakiteketea, sababu hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Kisha linda majani. Mgomba unapochanua uwe na majani manane hivi mazima, kwa sababu majani mapya hayaji tena baada ya mkungu kutoka. Ukihitaji majani ya kufunikia chungu au kuvundikia ndizi, chukua kwenye migomba iliyokwisha kuvunwa. Baada ya kuvuna, acha sehemu ya shina isimame kwa muda. Maji na virutubisho vyake hurudi kwa mtoto. Ila pale penye fukusi wengi, likate na ulipasue vipande mapema, wasipate pa kuzaliana.

Muhogo nao huweka wanga kwenye mizizi pale tu majani yanapokuwa na ziada. Kila unapochuma kisamvu, mmea hutumia sukari kuotesha majani mengine kabla ya kunenepesha mzizi. Kuchuma kidogo kwa nafasi ndefu huvumilika, lakini kuchuma kila wiki shina lile lile huleta mihogo myembamba. Ushauri wangu ni kutenga mistari ya pembeni kwa ajili ya mboga na kuiacha mingine ifanye kazi ya mizizi. Hali ni hiyo hiyo kwa viazi vitamu na matembele.

Angalia pia mvua. Wakati wa kiangazi muhogo hupukutisha majani na kutulia. Mvua za kwanza zikinyesha, huchota wanga mzizini ili kuvika majani mapya, na mihogo unayoivuna majuma hayo huwa na maji, na unga wake hupungua. Unayetaka kukausha makopa au kusaga unga, vuna kabla mvua hazijaanza, au subiri majani mapya yarudishe kilichokopwa. Na kama muhogo wako utakaa njiani kabla ya kufika sokoni, kata matawi yake wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa. Mizizi itachelewa kupata ile michirizi ya bluu na weusi inayomkimbiza mteja.

Mbolea nayo huelekeza sukari. Naitrojeni nyingi, hasa yurea inayoongezwa mimea ikiwa tayari imestawi, huita machipukizi na majani mapya, na sukari hufuata huko. Viazi vitamu hutambaa shamba zima na chini hakuna kitu. Potasiamu husaidia kuipakia sukari kwenye mirija; ikipungua, sukari hukwama kwenye jani. Ukiona kingo za majani ya zamani zinageuka manjano kisha hudhurungi kama zilizoungua, pima udongo ukiweza. Majivu ya kuni yana potasiamu, lakini hupunguza tindikali ya udongo, kwa hiyo yatumie kwa kiasi na usiyachanganye na mbolea yenye amonia, kwani naitrojeni itapotea hewani.

Kahawa inastahili huruma ya pekee. Asili yake ni mti wa kivulini, na haijui kudondosha matunda ya ziada kama mwembe unavyofanya. Ikizaa kupita uwezo wa majani yake, matunda huinyonya mpaka matawi yakauke kuanzia nchani, na mwaka unaofuata mti hauna pa kuzalia. Ondoa matawi yaliyochoka na machipukizi ya shinani kila mwaka baada ya kuvuna, hata kama moyo unasita kupunguza mti unaoonekana umebeba vizuri.

Mwisho, kagua miti yako yote iliyozungushiwa waya wa uzio au kamba ya kufungia mbuzi. Kwa kuwa floemu imo ndani ya gome, kitu kinachoukaba mti pande zote huzuia sukari kushuka. Marcello Malpighi wa Italia alionyesha hivyo katika karne ya 17 kwa kubandua pete ya gome: sehemu ya juu ya pete huvimba. Majani yanaweza kubaki ya kijani miezi mingi, kwa sababu maji hupanda kupitia mbao za ndani, huku mizizi ikifa njaa. Uvimbe juu ya waya ndiyo dalili ya kwanza. Ukiuona, kata waya siku hiyo hiyo, na usijaribu kuung'oa kwa nguvu pale ulipokwisha kumezwa na gome.