Kinga ya Meno si Kinga ya Ubongo

Bondia chipukizi anapovaa kinga ya mpira mdomoni, wazazi wengi huamini kuwa kichwa chake chote ki salama. Sivyo. Kinga hiyo hupunguza nguvu ya pigo kwenye meno, midomo na taya, na kazi hiyo huifanya vyema, hasa ile inayolainishwa kwa maji ya moto kisha kung'atwa hadi ikae sawasawa na meno ya mwenyewe. Ya kuazimana haifai, hata baina ya ndugu.

Ubongo ni jambo jingine. Kichwa kinapotikiswa ghafla, ubongo nao husukwasukwa ndani ya fuvu, na mpira wa mdomoni si wa kutegemewa kuuzuia. Si lazima mchezaji azimie: kuumwa kichwa, kutapika, kuyumba au kurudia swali lile lile ni dalili tosha. Aondolewe mchezoni papo hapo, na asirudi ulingoni hadi mganga amruhusu, hata akidai amepona. Vijana hudai hivyo mara nyingi, kwa kuchelea kupoteza nafasi. Akizidi kutapika, akisinzia kupita kiasi au akipatwa na degedege, awahishwe hospitali.