UZAZI NA UKUAJI WA KAPELINI, SAMAKI MDOGO WA BAHARI ZA BARIDI

Katika bahari za kaskazini ya dunia, karibu na maeneo ya barafu, huishi samaki mdogo aitwaye kapelini. Jina lake la kisayansi ni Mallotus villosus, na urefu wake ni nadra kupita sentimeta 20. Kapelini hula viumbe vidogo vieleavyo majini; naye huliwa na chewa wa kaskazini, sili, nyangumi na ndege wa baharini. Maisha yake yanastahili kuchunguzwa, kwani yanaonyesha jinsi elimu ya uzazi na ukuaji wa samaki inavyoweza kuamua kiasi kinachofaa kuvuliwa.

Uzazi

Kapelini hutaga mayai katika mazingira ya namna mbili. Wale wa Bahari ya Barents hutaga kwenye changarawe iliyo chini ya bahari, karibu na pwani za kaskazini mwa Norwe na Urusi, hasa katika miezi ya Machi na Aprili. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wengi hutaga ufukweni kwenyewe, mnamo Juni na Julai. Huko samaki huchukuliwa na mawimbi hadi penye changarawe, na wenyeji huwazoa kwa nyavu za mkono. Dume ni mkubwa kuliko jike, na wakati wa kuzaa huwa na matuta ya magamba marefu ubavuni. Mara nyingi madume wawili humbana jike katikati yao, mayai na manii yakatoka kwa pamoja. Utungishaji, basi, hufanyika nje ya mwili.

Yai lina kipenyo cha milimita 1 hivi, nalo hunata kwenye vijiwe. Muda wa kuanguliwa hutegemea joto: katika nyuzi 10 za Selsiasi huchukua kama siku 15, na katika nyuzi 5 kama siku 30. Ufukweni, viluwiluwi walioanguliwa hubaki kwanza ndani ya changarawe. Upepo uvumapo kutoka baharini, husukuma pwani maji yenye joto zaidi na chakula kingi. Hapo ndipo viluwiluwi hutoka kwa wingi.

Baada ya kuzaa, karibu madume wote hufa, na majike wengi vilevile. Kwa hiyo kapelini walio wengi huzaa mara moja tu maishani.

Ukuaji

Kapelini hukua haraka wakati wa kiangazi, chakula kinapokuwa tele, na hukua kidogo sana wakati wa baridi kali. Tofauti hiyo huacha alama katika vijiwe vilivyomo masikioni mwake: ukanda mpana wa kiangazi na ukanda mwembamba wa majira ya baridi. Kwa kuhesabu kanda hizo, mtaalamu hujua umri wa samaki.

Hata hivyo, kinachoamua wakati wa kuzaa ni urefu zaidi kuliko umri. Katika Bahari ya Barents, samaki aliyefikia sentimeta 14 wakati wa vuli huhesabiwa kuwa atazaa majira yajayo ya kuchipua. Wengi huzaa wakiwa na umri wa miaka 3 au 4. Yafaa ikumbukwe kwamba anayekua upesi huzaa mapema, na hivyo hufa mapema.

Uvuvi na hatari yake

Samaki azaaye mara moja hana akiba ya wazazi wakongwe. Kizazi kimoja kikiharibika, upungufu huonekana upesi. Katika miaka ya 1980, kapelini wa Bahari ya Barents walipungua kutoka tani milioni kadhaa hadi takriban tani laki moja mwaka 1986. Heringi wachanga waliozaliwa kwa wingi mwaka 1983 walikula viluwiluwi, huku chewa na wavuvi wakipunguza wakubwa. Ndege wa baharini walikufa kwa njaa, na sili walivamia pwani za Norwe wakitafuta chakula. Uvuvi ulifungwa mwaka 1986, ukafunguliwa tena mwaka 1991.

Baadaye, mwaka 2002, Norwe na Urusi ziliafikiana juu ya kanuni: uvuvi upangwe hivi kwamba uwezekano wa kubakiwa na wazazi pungufu ya tani 200,000 usizidi asilimia 5. Kanuni hiyo haianzi kwa kuuliza wavuvi wanataka kiasi gani. Huanza kwa kuuliza ni wazazi wangapi lazima waachwe wafike kwenye changarawe.

Maswali ya kujadili

1. Jike ametaga mayai 10,000 mara moja maishani mwake. Ni mangapi yanayopaswa kufikia umri wa kuzaa ili idadi ya samaki isipungue?

2. Kwa nini kanda za mwaka katika vijiwe vya sikio ni vigumu kuzitambua kwa samaki wa maji ya joto, kama dagaa?

3. Eleza kwa nini kuvua kapelini wanaoelekea kutaga ni jambo la kupimwa kwa uangalifu.